Shangazi Alipojichagua Mwenyewe

Wiki iliyopita, katika safu hii, niliwaacha pale Shangazi alipokuwa ameshika ile karatasi. Wengi mmenitumia ujumbe mkiniuliza kama bado niko hai. Niko hai, lakini msishangilie kabla hamjasoma.

Kwa aliyechelewa, mimi ni fundi wa meno ya bandia. Jumamosi mchana, daktari akishafunga mlango na kwenda zake, meza ya karakana yetu inageuka kuwa nchi ya majoka. Tunacheza ule mchezo ambao kila mtu anajifanya shujaa wa kubuni, mmoja anasimulia hatari, na dadu zinaamua nani apone. Anayesimulia ni mimi. Wananiita Mwenye Meza, ingawa meza ni ya daktari.

Kitabu chenye sheria rasmi tulikiweka kando siku nyingi. Tunatunga zetu. Hata dadu nimezitengeneza mwenyewe, kwa ile plastiki ya waridi ya kutengenezea ufizi, ndiyo maana mgeni akizishika mara ya kwanza hujipapasa mdomoni. Na wahusika wapya, pamoja na nguvu zao na udhaifu wao, natunga mimi.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Nataka kumwoa Mhasibu, binti anayefanya kazi kwenye duka la matairi mtaa wa pili, na ambaye mezani kwetu hana mpinzani. Baba yake amesema hatasikiliza posa yangu mpaka aisikie kwa mdomo wa aliyenilea. Aliyenilea ni Shangazi, dada wa marehemu baba, kwa sababu mama alikuwa akifanya kazi mji mwingine. Na Shangazi akasema hawezi kumsemea mwanamume mzima anayecheza na mazimwi.

"Basi aje aone," Mhasibu akasema.

Shangazi akaja. Nikamtandikia karatasi za wahusika mezani achague mmoja: malkia, mwindaji, tabibu wa msituni, wote wapole. Akawaruka wote. Akachomoa aliyekuwa chini kabisa, ambaye nilisahau kumwondoa. Bibi Mkuu wa Ukoo.

Bibi Mkuu wa Ukoo nilimtunga kwa kumwangalia yeye mwenyewe Shangazi.

Haya, tuendelee. Shangazi akavaa miwani, akasogea kwenye mwanga, akaanza kusoma kwa sauti ya kutangaza.

"'Nguvu ya kwanza: Chozi la Papo kwa Papo. Bibi Mkuu akilia, adui hukosa zamu moja kwa aibu.'"

Kinyozi, rafiki yangu wa tangu shule, alianza kutafuna kola ya shati lake.

"'Nguvu ya pili: Kumbukumbu ya Fadhila. Bibi Mkuu akimkumbusha mtu wema aliomtendea, mtu huyo atafanya lolote atakaloambiwa. Hakuna dadu itakayomwokoa.'"

Mhasibu akainua macho kuangalia dari. Yeye alikuwa anajua. Siku nilipomtunga Bibi Mkuu alicheka mpaka akamwaga chai.

"'Nguvu ya tatu: Mkoba Usio na Chini. Humo hutoka kitu ambacho hakuna aliyekiomba.'"

Shangazi akavua miwani. Mkoba wake mwenyewe ulikuwa pajani, umevimba. Nikahesabu hatua za kufika mlangoni, nikaona sifiki.

"Huyu mwanamke namjua," akasema.

"Ni wa kubuni tu, Shangazi."

"Wa kubuni wapi! Nakwambia namjua." Akaipiga karatasi kwa kidole. "Huyu ni mama yako."

"Mama?"

"Wifi yangu mtupu! Chozi lake hilo! Kusimanga kwake huko! Umempatia mpaka mkoba!" Akacheka, akacheka tena, akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Hapa inabidi niwaeleze jambo. Mama na Shangazi hawajasemezana tangu harusi ya dada yangu, ambapo mmoja wao alikalishwa mbele na mwingine nyuma ya spika kubwa ya muziki. Mpaka leo kila mmoja anaapa kwamba aliyekaa nyuma ya spika ni yeye.

Mwanamume mwenye utu angesema, hapana Shangazi, si mama. Mimi nilimwangalia Mhasibu, nikamfikiria baba yake, nikafungua mdomo.

"Umejuaje, Shangazi?" nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyomuuza mama yangu mzazi. Sikulazimishwa, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Mhasibu alishusha macho kutoka darini akanitazama, kisha akaanza kupanga dadu.

Tukacheza. Niliwaweka mbele ya daraja linalolindwa na zimwi lenye vichwa viwili. Mhasibu ni Mlinzi mwenye ngao. Kinyozi ni Mchawi wa Wembe, mhusika aliyejitungia mwenyewe, ambaye akimnyoa adui, adui huyo husema ukweli. Akarusha dadu, ikatoka moja. Wembe ukaangukia mtoni.

"Sasa ni mimi?" Shangazi akauliza. "Nirushe hiki kijino?"

"Ngoja kwanza, Shangazi. Sema unafanya nini."

"Namsalimia."

"Zimwi?"

"Kwani si lina masikio? Hujambo, zimwi."

Nikatoa sauti ya zimwi, ile ninayoifanyia mazoezi bafuni. "Nitaisaga mifupa yako!"

"Nimekusalimia."

Sijui ilikuwaje, lakini zimwi likajibu, "Sijambo."

"Na hicho kichwa kingine hakina adabu?"

"Sijambo," kikasema kichwa cha pili.

"Haya. Umesimama darajani bila shati, watu wazima wanapita. Mimi ndiye niliyekulisha mpaka ukawa na mwili huo, leo unaniuliza nakwenda wapi?"

"Shangazi," nikamkatiza, "hujawahi kulilisha. Lazima wema uwe umetendeka."

"Limenenepa kwa kula nini?"

"Watu."

"Watu hao wamelelewa na nani? Si kina mama kama mimi? Basi nimelilisha."

Nikamgeukia Mhasibu, ambaye mezani kwetu ndiye hakimu. Akafikiri kidogo. "Sheria haikatazi," akasema.

Zimwi likapisha, likambebea mkoba mpaka ng'ambo. Shangazi hakuishia hapo. Alimwamuru Mchawi wa Wembe arudi kuosha masufuria ya zimwi.

"Kwa fadhila ipi?" Kinyozi akaruka. "Mimi umenitendea nini?"

"Nilipokuwa naingia hapa nilikuombea upate wateja."

"Lini? Sikusikia!"

"Kwani nilikuwa nakuomba wewe?"

Mhasibu akaificha sura yake nyuma ya karatasi. Nilimwona mabega yakitikisika. Kinyozi akaosha masufuria.

Mpaka jua linaanza kuinama, Bibi Mkuu alikuwa ameshateka ngome mbili na kumfanya joka akiri kwamba hakuhudhuria mazishi ya jirani yake. Shangazi alikuwa amevua viatu chini ya meza. Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa msichana.

"Kumbe ni mchezo wa akili!" akasema. "Mbona hukuniambia? Mimi nilidhani mnaita mashetani."

"Kwa hiyo kesho, Shangazi..."

"Kesho nakwenda kwa baba wa huyu binti. Nitamsemea mtoto wangu mpaka atoe binti na mlango wa nyumba."

Mhasibu alinibana mkono chini ya meza. Wasomaji wangu, kama hadithi yangu ingeishia hapo ningekuwa mtu mwenye bahati kuliko wote mtaani kwetu. Tukapumzika kwa chai na biskuti. Shangazi akachukua simu akatoka nayo kwenye ujia, nikamsikia akicheka huko peke yake. Nikadhani anamsimulia jirani. Akarudi, akakaa, akasugua viganja.

"Haya, joka la pili liko wapi?"

"Kabla ya joka," Kinyozi akasema, na mikono yake bado ilikuwa ya mwosha masufuria, "mimi naomba tumnyoe Bibi Mkuu."

Kunyoa ni sheria yetu wenyewe, hamtaikuta kwenye kitabu chochote. Tuliitunga baada ya Kinyozi kutuletea mchawi anayegeuza mvua kuwa sabuni. Mhusika akizidi nguvu, mchezaji yeyote anaweza kudai anyolewe. Hapo aliyemtunga anasimama na kueleza nguvu moja moja aliitoa wapi, ni jambo gani la kweli aliloliona kwa macho yake. Nguvu yenye ushahidi inabaki. Isiyo na ushahidi inakatwa.

"Kateni zote," nikasema haraka. "Sitetei hata moja."

"Nani akate?" Shangazi akawaka. "Nimeshazizoea! Simama utetee, mwanangu. Mama yako namjua, nitakusaidia ushahidi."

Nikamwangalia Mhasibu. Kwenye mambo ya sheria, binti huyu hajui kama ana mchumba.

"Chozi," akasema. "Ulilitoa wapi?"

Nikasimama. Nikaona afadhali niseme tukio la kweli, nibadilishe mtu tu. Mwongo mvivu hufanya hivyo.

"Nilipovunjika mkono," nikaanza. "Foleni ya hospitali ilikuwa imetoka mpaka nje ya geti. Mama akalia pale mapokezi, tukapitishwa mbele."

"Mama yako?" Shangazi akasema. "Siku ile mama yako alikuwa kazini kwake huko. Niliyelia ni mimi! Tena sikulia kidogo, mlinzi alinipa kiti chake."

"Labda nimechanganya, Shangazi."

"Umechanganya. Sema vizuri, usimpe mtu sifa zisizo zake."

Kinyozi akatikisa kichwa. "Kwa hiyo nguvu ya kwanza ni ya Shangazi."

"Ya kwanza tu," nikasema.

"Fadhila," Mhasibu akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile anayotumia kuwauliza wateja stakabadhi.

Jasho lilikuwa limeshafika kiunoni. "Mwalimu mkuu alitaka kunifukuza shule. Mama akaenda, akamkumbusha kwamba alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto mdogo. Nikarudishwa darasani siku hiyo hiyo."

"Wewe leo umekula nini?" Shangazi akapiga meza, dadu zikaruka. "Mwalimu yule mama yako hamjui hata kwa sura! Nimembeba mimi, alikuwa mzito na mkojozi. Mpaka leo akiniona barabarani anavuka upande wa pili!"

Tukacheka wote. Kinyozi ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyamaza. Kisha Mhasibu. Shangazi aliendelea kucheka peke yake kidogo, halafu kicheko chake kikapungua, kikaisha.

Akaichukua karatasi. Akaisoma upya, safari hii kimyakimya, midomo ikicheza.

"Na mkoba?" akauliza, taratibu.

Uongo wa tatu ulikuwa tayari ulimini. Lakini Mhasibu akanitangulia. "Sema la kweli," akasema, "au nguvu ikatwe."

Sikutaka ikatwe. Kati ya vyote nilivyowahi kutunga kwa ajili ya meza ile, hicho ndicho nilichokipenda.

"Siku ya mtihani wa ufundi," nikasema, "tuliambiwa kila mtu aje na koti jeupe. Sikuwa nalo, na sikumwambia mtu, kwa sababu nilijua nyumbani hakuna. Nilikuwa mlangoni nimeshakata tamaa. Akaja mbio, akafungua mkoba, akatoa koti lililoshonwa kwa shuka la kitandani. Mfukoni kwa ndani lilikuwa na maua madogo ya bluu. Hakuna aliyemwomba. Sijui hata alijuaje."

Nilimpenda siku ile kiasi cha kushindwa hata kusema asante, nikaingia kwenye mtihani nimekunja uso. Hilo sikulisema mezani. Nalisema hapa, gazetini, ambako halina faida tena.

"Shuka lilikuwa langu," Shangazi akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Kumbe huyu ni mimi."

"Shangazi, mimi..."

"Geuza karatasi."

Kwa kawaida yetu, udhaifu huandikwa nyuma, na mchezaji hausomi mpaka umkute mchezoni. Kinyozi akaanza kusema kwamba sheria hairuhusu. Mhasibu akasema wakati wa kunyoa inaruhusiwa. Nilitamani kwa mara moja maishani mwake akosee.

Shangazi akageuza mwenyewe. Hakusoma kwa sauti, kwa hiyo nawasomea mimi. Niliandika hivi: "Akilia kweli, hakuna atakayeamini."

Akaiweka karatasi chini, akainyoosha kwa kiganja kana kwamba ilikuwa imejikunja. Kisha machozi yakaanza kumtoka. Hayakuwa na kelele. Yalishuka tu, moja likaangukia kwenye vumbi la plasta ya meno mezani na kuacha alama.

"Lo!" Kinyozi akapiga makofi. "Papo kwa papo kweli! Nakosa zamu, Shangazi, nakubali!"

Kinyozi hana ubaya, ni mzito wa kuelewa. Mimi ndiye mwenye kosa. Chozi lile nimeliona hospitalini, nimeliona kwa mwenye nyumba, nimeliona kwenye harusi ya dada yangu. Kwa hiyo badala ya kwenda kumpigia magoti, nikasimama pale pale nikamtazama usoni, nikitafuta dalili kama hili lilikuwa lenyewe au lile jingine.

Nikachelewa, na yeye akaniona.

"Unalikagua," akasema. "Kama meno yako."

"Hapana, Shangazi. Naomba unisamehe."

"Nilicheka, mwanangu. Nilimcheka wifi yangu wa watu mbele ya wageni, na wewe ukaniacha nicheke." Akavaa viatu. Akajifuta uso kwa mtandio, akachukua mkoba, akamgeukia Mhasibu. "Binti, kesho kwa baba yako nakuja kama nilivyosema."

Pumzi zikanirudi. Nikafikiri, huyu ndiye Shangazi wangu, hasira zake ni za dakika.

"Ila nakuja kukaa upande wenu," akaendelea. "Baba yako alitaka kusikia kwa mdomo wa aliyemlea, na atasikia. Ni haki yenu mjue mnamchukua mtu gani. Huyu si amesema Bibi Mkuu ni mama yake? Basi mama yake amsemee."

"Shangazi, wewe ndiye..."

"Mimi ni wa kubuni tu."

Nilimgeukia Mhasibu nikitegemea aseme neno moja la kuniokoa. Alikuwa anakusanya dadu, anazirudisha kwenye kopo moja moja. Akauchukua ule mkoba mzito kutoka mkononi mwa Shangazi, akautundika begani kwake.

"Nikusindikize, Shangazi," akasema.

Mlangoni akageuka. "Ungemwambia tangu mwanzo kwamba ni yeye, angecheka. Hizo nguvu alizipenda." Akaurekebisha mkoba begani. "Kesho saa kumi. Usipokuwa na wa kukusemea, baba hafungui mlango. Na mimi sitamlazimisha."

Wakatoka. Nikawasikia wakishuka ngazi, Shangazi akimwonya ashike ukuta, na Mhasibu akiitika, "Ndiyo, Shangazi," kama mtu ambaye ameshaolewa kwenye ukoo wetu, lakini bila mimi.

Kinyozi akabaki ananitazama. "Kama imeshindikana kabisa," akasema, "mimi naweza kukusemea."

"Utasema nini?"

Akafikiri. "Kwamba unalipa kunyolewa kwa wakati."

Nikatoka kwenye ujia na simu yangu. Akilini nilikuwa nimeshapanga: nitamwambia mama apande basi la asubuhi, ajitayarishe kwa posa, habari za mchezo nisizitaje hata kwa bahati mbaya. Akiuliza Shangazi yuko wapi, nitasema anaumwa mguu. Ndiyo, nilikuwa nimeshatunga tena. Msinihukumu, nilikuwa na saa chache tu.

Simu haikumaliza mlio wa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua utapiga." Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko nilivyoizoea. "Leo wifi yangu kanipigia. Tangu ile harusi hajawahi kunipigia. Nikajua kuna msiba."

Nikaegemea ukuta. Kile kicheko cha Shangazi kwenye ujia, wakati wa chai, hakikuwa cha kumsimulia jirani.

"Mama, ngoja nikueleze."

"Utanieleza, nina muda. Nimezima redio, nimekaa vizuri." Nikasikia kiti kikilia chini yake. "Lakini wifi alikuwa anacheka sana, hakunisomea yote. Hebu wewe uliyeniandika, nisomee hizo nguvu zangu."